Udongo Ulaya

Katika kabati langu la vitabu hapa Kasulu kuna kijitabu chembamba ambacho jalada lake lilibanduka zamani, nami nikalishona kwa uzi wa kushonea magunia. Ni Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, alichokiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1977. Nilikipata nikiwa mkufunzi kijana wa chuo cha ualimu, na kwa miaka mingi nilikitumia katika vipindi vya siasa. Wanachuo waliopita mikononi mwangu wakati ule, ambao wengine wao sasa ni wastaafu kama mimi, watakumbuka kwamba sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ile inayozungumzia nyumba.

Hapo Mwalimu anawagombeza watu wake. Anasema, na haya ni maneno yangu wala si yake, kwamba saruji ni udongo tu kama udongo mwingine, lakini kwa kuwa wazee walizoea kuiita udongo ulaya tumeipa heshima isiyo yake. Mtu anakaa ndani ya kibanda kinachovuja akingoja siku atakayopata saruji na bati, na huku amekanyaga udongo wa mfinyanzi unaofaa kwa matofali ya kuchoma na vigae. Paa la vigae, asema, linalishinda paa la bati kwa mbali. Kwa hiyo ugonjwa ni wa akili, si wa mfuko.

Pembeni mwa ukurasa huo niliandika kwa wino mwekundu: “Kweli kabisa!” Wino huo bado unasomeka. Nilifundisha hivyo kwa sauti kubwa, kisha jioni nikarudi kulala katika nyumba ya chuo yenye sakafu ya saruji na paa la bati. Siku moja mwanachuo mmoja, binti kutoka Kibondo, alinyosha mkono akauliza kwa adabu, “Samahani Mwalimu, nyumba unayokaa wewe imeezekwa kwa nini?” Darasa lilicheka, mimi nikatazama saa na kusema muda umekwisha. Ulikuwa haujaisha. Sasa nina miaka 76, nami naona ni haki nimjibu binti yule, ingawa siku hizi naye ni bibi.

Kwanza nimtendee haki mwandishi. Mwaka 1977 nchi nzima ilikuwa na kiwanda kimoja tu cha saruji, kile cha Wazo, Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1966. Cha Tanga na cha Mbeya vilikuja baadaye, katika miaka ya themanini. Mfuko wa saruji uliotoka Wazo kuja kwetu ulisafiri kwa reli zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma mjini, kisha ukapanda milima kwa lori hadi Kasulu, na kama barabara iliruhusu, ukaendelea hadi Kibondo. Katika masika haikuruhusu. Mfuko ukifika ulikuwa umepata unyevu, umeanza kuganda pembeni, na bei yake ilimtosha mkulima wa maharage kuacha kuuliza. Kumwambia mtu wa namna hiyo asingoje saruji lilikuwa shauri jema. Na hapo ng’ambo ya mpaka, Burundi, ndugu zetu wa milima ileile, wenye lugha inayosikilizana na yetu, walikuwa wanaezeka kwa vigae vya udongo tangu siku za Wabelgiji. Mwalimu hakuwa anaota ndoto.

Lakini kijitabu hichohicho, katika kurasa nyingine, kinahesabu kwa fahari kwamba zaidi ya watu milioni 13 walikuwa wamekwisha kukaa pamoja katika vijiji. Katika ukurasa mmoja watu wanasifiwa kwa kuhama. Katika mwingine wanalaumiwa kwa kutojenga nyumba za kudumu. Nimekisoma mara nyingi, tena kwa miwani ya namba tofauti, na sijaona mahali ambapo mambo haya mawili yanafungwa kamba moja. Mimi naona ni jambo moja.

Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972. Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi huko Kibondo. Mtu asiyewajua Waha yafaa aambiwe kwamba hatukuwa watu wa kukaa mstari mmoja. Kila mji ulikuwa juu ya kilima chake, na migomba yake nyuma ya nyumba, na makaburi ya wazee wake ndani ya migomba. Nyumba ilikuwa msonge, ya miti na fito, iliyoezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi. Ilikuwa na giza, nakubali, na moshi wake uliwaharibu macho mama zetu. Basi tukaagizwa kuwatoa watu vilimani na kuwaweka kando ya barabara. Walimu ndio tuliojua kupima, kwa hiyo tulipewa kamba. Nilitoka na watoto wa darasa la sita, tukawa tunavuta kamba na kupigilia vigingi: nyumba hapa, choo kule, bustani nyuma. Watoto walifurahi sana kwa sababu hesabu za vipimo hazikuwahi kuwa tamu namna ile.

Mzee mmoja alisimama akitutazama asubuhi nzima. Nilipomsalimu shikamoo, aliitikia marahaba, kisha akaniuliza, “Mwanangu, nikijenga hapa, utarudi lini tena na kamba yako?” Nilimwambia hatutarudi, hapa ndipo pa kudumu. Hakubisha. Alijenga kibanda cha miti na nyasi, kidogo kuliko kile alichokiacha kilimani, na kila mwaka afisa alipokuja kumwuliza nyumba bora iko wapi alijibu kwamba anangoja saruji.

Nilimwona mvivu. Baadaye nikiwa chuoni nilimtumia kama mfano wa ule ugonjwa wa akili. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba mzee yule alikuwa akifanya hesabu kuliko mimi niliyeshika kamba. Mtu aliyehamishwa mara moja anajua kwamba kuhamishwa kunawezekana. Kuchoma tanuri la matofali elfu kumi, kujenga kwa mwaka mzima na kuezeka kwa vigae ni kuzika jasho lako mahali pamoja. Na mahali pale hapakuwa pake kwa karatasi yoyote. “Nangoja saruji” lilikuwa jibu la adabu kwa serikali. Tukalisikia kama ugonjwa.

Sasa nije kwenye vigae vyenyewe, maana hapa nina ushahidi wa mikono yangu. Mwishoni mwa miaka ya sabini, katika kazi za kujitegemea, chuo chetu kiliamua kuezeka darasa kwa vigae ili kuonyesha mfano. Tulichimba udongo mwekundu nyuma ya bwalo, tukaufinyanga, tukaukausha juani na kuuchoma. Zaidi ya nusu ya vigae vilipasuka. Tulimwita fundi mmoja Mrundi aliyekuwa akiishi jirani, mmoja wa wale waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Alizunguka tanuri letu mara moja akacheka kwa upole. Alisema udongo wa kigae hauchimbwi mlimani. Unatoka chini bondeni, uliolala majini, nao unachimbwa na kuachwa uive kabla ya kukanyagwa. Kigae hukaushwa kivulini siku nyingi, kwenye banda, si juani. Paa lake linataka mwinamo wake na miti minene, kwa sababu uzito wake si mchezo. Tulifuata maelekezo, tukapata vigae vizuri, kisha tukagundua kwamba kenchi za kubeba paa hilo zingekula mbao nyingi kuliko tulizokuwa tumepewa. Darasa likaezekwa kwa bati. Vigae vilipangwa kuzunguka bustani ya maua ya mkuu wa chuo, na mimi nilipokuja kuwa mkuu wa chuo nilivikuta hapo, vimeota kuvu, imara kabisa.

Sisemi kigae ni kibaya. Nasema kigae ni elimu, na elimu hiyo haikuwamo katika kijitabu wala katika bajeti ya wilaya. Bati halitaki elimu kubwa. Mtu mmoja anabeba mabati kumi kichwani, au anayafunga juu ya baiskeli kutoka Kasulu hadi kwake. Anaweza kununua mawili mwaka huu na matatu mwaka ujao baada ya kuuza kahawa, akayaweka chini ya kitanda. Mtoto akiugua, bati linauzwa. Kigae kitauzwa kwa nani? Na, hili ndilo kubwa, siku ukihamishwa bati linang’olewa na kwenda nawe. Nimewaona watu wakihama na milango, madirisha na mabati juu ya mkokoteni, wakiacha kuta zinyeshewe. Bati kwa mtu wa vijijini lilikuwa benki yake. Mwalimu Nyerere, mtu mwenye akili nyingi kuliko wote niliowahi kuwasikia, aliliona kama pambo la Kizungu.

Nimetaja benki. Wakati ule serikali haikuwa imekaa bure. Shirika la Nyumba la Taifa lilikuwapo tangu mwaka 1962, nalo lilibomoa vibanda vya Magomeni na kujenga nyumba mpya. Mwaka 1973 Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi, na mwaka 1974 ukaundwa mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima, ambao fedha zake zilitokana na tozo waliyolipa waajiri kwa kufuata mishahara. Vilevile, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na katika miji ya Mwanza na Mbeya. Baadaye Tabora, Tanga, Morogoro na Iringa. Soma majina hayo tena, msomaji, utafute Kasulu au Kibondo. Mkulima alikuwa ametajwa katika jina la mfuko, lakini mkopo ulitaka mali ya kuweka rehani, na mkulima wa kijiji cha operesheni hakuwa na hati ya kiwanja. Benki ile ilifilisika na kufungwa mwaka 1995. Watu wengi wa huku walisikia habari za kufungwa kwake kabla ya kujua kwamba ilikuwapo.

Mimi mwenyewe, nikiwa na mshahara na barua ya mwajiri, nilipata kuomba mkopo wa kujenga katika benki moja ambayo sitaitaja. Nilisafiri siku mbili. Kijana wa dirishani aliniuliza hati. Nikamweleza kwamba kiwanja changu kiko kijijini, nilipewa na serikali ya kijiji, mipaka yake naijua maana niliipima mwenyewe. Akatabasamu. Alisema, “Mzee, hapo kwa macho yetu hakuna kiwanja.” Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, na ndiyo mara ya kwanza kuitwa mzee kwa namna ya kufukuzwa. Ndani ya treni nikirudi Kigoma nilimkumbuka mzee wa vigingi.

Miradi iliyofuata sitaieleza kwa urefu, kwa kuwa inafanana. Kuanzia mwaka 2002 serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakikaa ndani yake. Waliofaidika ni wale waliokuwa wamekwisha kupewa nyumba. Mwalimu aliyepanga chumba nyumba ya udongo huko Kakonko hakuwa na nyumba ya serikali ya kuuziwa. Baada ya mwaka 2010 Shirika la Nyumba likajenga nyumba za gharama nafuu mikoani, na kwetu zikajengwa Mlole, Kigoma mjini. Nilikwenda kuzitazama. Ni nyumba nzuri, zimenyooka, na mafundi walifanya kazi ya kusifiwa. Lakini shirika lenyewe lililalamika hadharani wakati ule kwamba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ilikuwa inaipandisha bei ya nyumba hizo. Yaani serikali ilikuwa inajenga nyumba nafuu kwa mkono mmoja na kuifanya ghali kwa mkono mwingine. Neno “nafuu” lina maswali yake: nafuu kwa nani? Mwalimu wa shule ya msingi akipiga hesabu ya mshahara wake anarudi kwenye bati lake la chini ya kitanda.

Jirani zetu nao wana yao. Rwanda, katika miaka ya 2010 na 2011, iliendesha kampeni ya kuondoa nyumba za nyasi, zile wanazoziita nyakatsi. Nyumba nyingi sana za bati zilisimama kwa muda mfupi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini zilisikika pia habari za watu, hasa Batwa, waliobomolewa paa la nyasi kabla paa la bati halijafika. Mvua haisubiri ratiba. Kenya wamekata mshahara: asilimia 1.5 kuanzia mwaka 2023, mahakama ikasema sheria ile ina kasoro, Bunge likatunga nyingine mwaka 2024. Nikisikia Wakenya wakibishana kuhusu makato hayo nakumbuka tozo yetu ya mwaka 1974, na natamani kumwuliza mtu huko kama mkulima ametajwa katika jina tu.

Kuna jambo moja linaloniudhi katika maandishi yote ya namna hii, kijitabu cha mwaka 1977 kikiwamo: mwanakijiji huonekana kama mtu asiyejenga. Tembea leo kutoka Kasulu hadi Kibondo uone. Kuta za matofali ya kuchoma zimejaa kila upande, na juu yake bati. Nyumba nyingi mno kati ya hizo hazina mkopo wala mradi nyuma yake. Zimejengwa na watu wenyewe kwa miaka kumi, kumi na mitano, chumba baada ya chumba. Kwa upande wa matofali, Mwalimu alisikilizwa, ingawa kwa kuchelewa na bila msaada. Kwa upande wa bati alishindwa kabisa. Wakimbizi nao walitufundisha mengi. Katika kambi za Mtabila, Nyarugusu, Mtendeli na Nduta watu walifika na turubai tu, na baada ya miezi michache walikuwa wamefyatua matofali na kusimamisha kuta. Vijana wetu walijifunza kwao, na turubai za kambi zikaonekana juu ya majiko ya vijiji vya jirani. Sitauliza zilifikaje.

Hata hivyo tofali la kuchoma lina deni lake, na deni hilo linalipwa na miti. Tanuri moja linakula kuni za kutisha. Vilima nilivyovijua nikiwa kijana vikiwa vyeusi kwa msitu, sasa ni vyeupe. Hapa ndipo wataalamu wa Serikali wa utafiti wa nyumba, wale wa Mwenge, Dar es Salaam, walipokuwa na jibu zuri kuliko la Mwalimu na kuliko la mwanakijiji: tofali la udongo lililochanganywa na saruji kidogo, likashindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, na kufungamana na mwenzake bila kula saruji nyingi katikati. Udongo wetu na udongo ulaya kidogo. Mashine ya namna hiyo niliiona katika kijiji kimoja ambacho nacho sitakitaja. Kikundi cha vijana kilikuwa kimeipata, kikafundishwa siku chache, kikafyatua matofali ya kutosha darasa moja. Kisha chemchemi yake ikakatika. Nilipoikuta ilikuwa chini ya mwembe, kuku anaatamia juu yake. Wale vijana walikuwa wamerudi kwenye tanuri.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilitungwa mwaka 1999, nayo inampa mwanakijiji hati ya hakimiliki ya kimila. Nilipostaafu nilifuatilia yangu. Ilichukua muda, vikao, na safari kadhaa za kwenda ofisini kukuta mhusika yuko semina, lakini niliipata, ina muhuri na jina langu na la mke wangu. Mjukuu wangu ambaye naye ni mwalimu anajenga pembeni mwa kiwanja hicho. Alikwenda na nakala ya hati hiyo kuulizia mkopo mahali fulani. Walimsikiliza vizuri kuliko walivyonisikiliza mimi. Walimwambia inatambulika kisheria, isipokuwa wao wangependelea ya mjini. Basi amekopa katika chama chao cha akiba na mikopo cha walimu, kiasi cha mabati thelathini, na nyumba inataka hamsini na sita pamoja na kofia.

Wiki iliyopita alikuja jioni kuniuliza shauri: anunue geji 30 hayo thelathini na kuezeka nusu, au angoje yatimie? Nilinyanyuka nikaenda kabatini, nikatoa kijitabu, nikamsomea ule ukurasa wa vigae. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Halafu akasema, “Babu, na miti ya kubeba hivyo vigae tutaitoa wapi?”

Tumekubaliana aezeke nusu. Hati nimeikunja nikaiweka ndani ya kijitabu, kwenye ukurasa uleule wenye wino mwekundu, kwa kuwa ndiyo sehemu kavu kuliko zote nyumbani kwangu. Upande wa jikoni bati langu la mwaka 1989 limeanza kutoboka.